Kifaa Kilichosahau Mwaka

Kuna maandishi ambayo nadhani watengenezaji wa vifaa huyaandika wakiamini hakuna atakayeyasoma. Mimi huyasoma. Kila kampuni ya vifaa vya kulinda mtandao inapotoa toleo jipya la programu inayokaa ndani ya kifaa, huambatanisha maelezo marefu: kipi kimeongezwa, kipi kimerekebishwa, na mwisho kabisa sehemu inayoitwa Matatizo Yanayojulikana. Hapo ndipo wanapokiri. Wanasema ukiwasha huduma hii pamoja na ile, kifaa kitajizima, tunajua, tunashughulikia. Sehemu hiyo naipenda kuliko zote. Wenzangu wakati wa chai hufuatilia mpira kwenye simu zao, na mimi nafuatilia makosa ya watu waliokubali kuyasema.

Mimi ni mtu wa TEHAMA katika hospitali moja hapa Songea. Kitengo kizima ni mimi, meza mbili na kabati la chuma lenye feni. Hospitali yetu ina vituo viwili vidogo vya afya, kimoja Mshangano na kingine Ruhuwiko. Mgonjwa akitolewa damu Mshangano asubuhi, sampuli inapelekwa maabara kuu kwa pikipiki, na majibu yanarudi kwa mtandao, yanafunguka kwenye kompyuta ya mganga kabla mgonjwa hajamaliza kunywa uji pale nje. Majibu hayo ni siri ya mgonjwa, kwa hiyo hayapiti wazi kwenye intaneti. Kila kituo kina kisanduku cheusi, kikubwa kama Biblia ya mezani, ambacho sisi tunakiita fayawoli. Kazi yake ni kuzuia wasiotakiwa, na kufungua njia ya siri kati ya kituo na hospitali, njia ambayo hakuna mwingine anayeweza kuchungulia ndani yake.

Mwaka huo, mvua zilipokuwa zinakaribia kuisha, kampuni iliyotengeneza visanduku hivyo ilitoa tahadhari. Walikuwa wamegundua mwanya ambao wezi wa mitandaoni wangeweza kuupitia, na walitaka kila mteja aweke toleo jipya bila kuchelewa. Nilichapisha maelezo yote nikaenda nayo kwa msimamizi wa hospitali. Yeye ni mtawa wa makamo, mtu wa sauti ya chini, ambaye kabla ya kukubali jambo lolote huuliza maswali mepesi yanayokulazimisha ujue unachosema.

"Tumsifu Yesu Kristo, Sista."

"Milele amina. Karibu, mwanangu. Leo kimeharibika nini?"

Nikamwambia bado hakijaharibika kitu. Nikamweleza kwamba ni kama kufuli la stoo ya dawa: aliyelitengeneza amegundua kuna ufunguo mwingine unaolifungua, na ametutumia kufuli jipya bure. Akaniuliza kama kufuli jipya lina ubaya wowote. Hapo nikafungua ukurasa wa mwisho na kumsomea Matatizo Yanayojulikana, moja baada ya jingine, yote kumi na matatu, nikimweleza kwa nini kila moja halituhusu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema niendelee, ila nianze na kituo kimoja.

Nikaanza na Mshangano, Jumamosi mchana, baada ya wagonjwa kupungua. Kazi yenyewe haikuchukua hata nusu saa. Kifaa kilijizima, kikawaka, taa zikarudi kijani, majibu ya maabara yakapita. Nikarudi mjini nikiwa na furaha ya mtu aliyefua nguo zote akaanika na jua likatoka.

Jumatano iliyofuata umeme ulikatika upande wa Mshangano tangu asubuhi hadi alasiri. Hilo si jambo la kushangaza. Kituo kina betri ya dharura inayodumu kama nusu saa, kisha kompyuta zinazimwa na wauguzi wanarudi kwenye madaftari. Umeme ukirudi, kila kitu huwaka chenyewe. Siku hiyo kila kitu kiliwaka isipokuwa njia ya siri. Muuguzi mkuu wa kituo akanipigia simu akasema intaneti ipo, simu yake inaonyesha video vizuri kabisa, lakini majibu ya maabara hayafunguki na kuna mama mjamzito anayasubiri.

Nilimpigia mtu wa maabara, nikamwomba ayasome majibu yale kwa simu moja kwa moja kwa mganga, kama tulivyokuwa tukifanya zamani. Kisha nikakodi bodaboda hadi Mshangano. Nilipofungua ukurasa wa kifaa kile kwenye kompyuta yangu, nilikuta kila kitu kimekaa sawa. Nilizunguka mipangilio yote mara mbili, sikuona kosa. Nikaingia kwenye kumbukumbu za kifaa, mahali kinapoandika kila kinachokitokea, na pale nikaona mstari mmoja umejirudia ukurasa mzima: cheti hakijaanza kutumika.

Vifaa hivi viwili, cha kituo na cha hospitali, hutambuana kwa vyeti vya kidijitali, kama vitambulisho. Kila cheti kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Cheti chetu kilikuwa kimeshatumika zaidi ya mwaka. Inawezekanaje hakijaanza? Nikainua macho juu ya ukurasa, pale pembeni pa kulia panapoandikwa saa. Kifaa kilikuwa kinaonyesha tarehe ya miaka mingi nyuma, kabla mimi sijaajiriwa, kabla hata kituo chenyewe hakijajengwa. Kilikuwa kimesahau mwaka. Kwa hesabu zake, hospitali ilikuwa inakionyesha kitambulisho ambacho bado hakijatolewa, na kwa uaminifu wake wote kikakataa.

Nilicheka peke yangu pale kwenye kiti. Muuguzi mkuu akachungulia mlangoni kuona kama niko salama. Nikaandika tarehe sahihi kwa mkono, nikabonyeza, na kabla sijaondoa kidole njia ikafunguka. Majibu ya siku nzima yakaanza kuingia mfululizo.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini maswali yalikuwa yananiwasha njia nzima ya kurudi. Umeme Mshangano ulikuwa ukikatika tangu tuvifunge vifaa vile, na haijawahi kutokea kifaa kikashindwa kurudi. Kwa nini sasa?

Kesho yake niliandika barua pepe kwa kampuni, kwenye dawati la kusaidia wateja. Nikaeleza yote. Jibu lilikuja siku hiyohiyo, la adabu na fupi: tatizo hilo halimo kwenye orodha ya matatizo yanayojulikana, tafadhali kagua mipangilio yako. Niliisoma barua ile mara tatu. Kwamba halimo kwenye orodha nilikuwa najua, kwa sababu orodha niliisoma kuliko wao. Ndiyo maana nilikuwa nawaandikia.

Mtu wa maabara niliyemtaja ni mwenyeji wa Tunduru, ameoa hapa Majengo, mtu wa swala tano na wa vipimo vitatu. Namaanisha hivyo hasa: kipimo chochote chenye shaka hukirudia mara tatu kabla hajatia sahihi. Nilipomsimulia wakati wa chai kwamba kampuni haikuniamini, hakunipa pole. Aliniuliza nimeliona tatizo mara ngapi.

"Mara moja," nikasema.

"Basi dada, na mimi nisingekuamini. Una kifaa kingine kama kile, chenye toleo la zamani?"

Stoo nilikuwa navyo viwili vya akiba, havijaguswa. Akaniambia kimoja nikiwekee toleo jipya, kingine nikiache na la zamani, nivifunge pamoja vikielekea kifaa cha hospitali, nivizime pamoja, niviwashe pamoja. Kimoja ndicho mgonjwa na kingine ndicho mwenye afya. Bila mwenye afya wa kulinganisha naye, akasema, huwezi kujua kama homa imetoka kwa mgonjwa au kipimajoto ndicho kibovu. Akanipa na nafasi pembeni ya meza yake ya maabara, kwa sababu ofisini kwangu hapakuwa na soketi za kutosha.

Wiki iliyofuata nilikuwa naingia kazini mapema kama mtoto wa siku ya kwanza ya shule. Ilikuwa baridi ile ya kwetu ya kuelekea mwezi wa sita, watu wanatembea wamejikunyata ndani ya makoti, na mimi nilikuwa nakaribia kukimbia. Siku ya kwanza nilivizima vyote viwili kwa nusu saa. Nikaviwasha, vyote vikarudi. Saa moja, vikarudi. Saa mbili, vikarudi. Mtu wa maabara aliandika kila kitu kwenye daftari lenye mistari, kwa mwandiko wake wa wima, safu mbili, jipya na la zamani.

Siku ya pili nikavizima saa mbili asubuhi nikavichomeka saa nane mchana. Tulikuwa tumesimama wote wawili, yeye bado na glavu mkononi. Vyote viliamka vikiwa vimesahau mwaka. Vyote! Nilidhani nimekosea. Kisha, dakika ya pili hivi, kile cha zamani kikabadilisha tarehe chenyewe, kikawa cha leo, na njia yake ikafunguka. Kile kipya kikabaki kilekile, katika mwaka wake wa zamani, kinaandika mstari wake uleule kwamba cheti hakijaanza kutumika.

"Subhanallah," akasema kwa sauti ya chini. "Homa ni ya kweli."

Tukarudia mara tatu. Kisha akanilazimisha nibadilishane nyaya, na soketi pia, ili asiwepo wa kusema kosa ni la waya. Hali ikawa ileile. Kwa kuvizima kwa muda tofauti tofauti tukajua pia kwamba ndani ya kifaa kuna kitu kidogo kinachoishikilia saa umeme usipokuwepo, na kwamba nguvu yake huisha kati ya saa ya nne na ya tano bila umeme. Umeme ukikatika kwa muda mfupi kuliko hapo, hakuna anayeona lolote.

Kilichobaki ni kujua kwa nini cha zamani kinajiponya na kipya hakijiponyi. Hapo palikuwa pangu, si pa maabara. Niliweka kumbukumbu za vifaa vyote viwili bega kwa bega nikasoma mstari kwa mstari. Mchana wa Ijumaa ya wiki ya pili, nikiwa na chapati iliyopoa mkononi, nikaona. Cha zamani kilipoamka kikiwa hakina saa, kilikwenda kuuliza saa kwenye intaneti ya kawaida, barabara ya wote. Kipya kilikuwa kimefundishwa uangalifu zaidi: kiulize saa kupitia njia ya siri tu, ili asitokee mtu wa kukidanganya. Ni wazo zuri. Lakini njia ya siri haifunguki bila cheti, cheti hakikubaliki bila tarehe sahihi, na tarehe sahihi ilikuwa upande wa pili wa njia. Kifaa kilikuwa kimesimama nje ya mlango, kinasubiri ufunguo ulio ndani ya nyumba ileile.

Niliacha chapati nikaenda maabara nikitembea kwa haraka ambayo hospitalini huwa ni ya habari mbaya. Wagonjwa kwenye benchi walinitazama kwa wasiwasi. Nilimweleza mtu wa maabara huku nikichora nyuma ya fomu ya vipimo, mshale huku, mshale kule, mpaka mishale ikafunga duara. Akaitazama, akaanza kutabasamu polepole, akanikabidhi lile daftari.

"Sasa waandikie," akasema.

Niliandika kwa Kiingereza changu cha chuo, nikakisahihisha mara nyingi kuliko nilivyowahi kusahihisha kitu chochote. Nikapiga picha kurasa za daftari. Nikaambatanisha kumbukumbu za vifaa vyote viwili na kuweka alama kwenye mistari inayohusika. Safari hii hawakujibu siku hiyohiyo. Zilipita siku tano, na siku ya sita ikaja barua si ya dawati la wateja bali ya mhandisi mwenyewe, mmoja wa wanaoandika ile programu. Alikuwa anaomba tuonane kwa video, na kama ninaweza, nilifanye jaribio lile yeye akiangalia.

Alikuwa mwanamke wa umri wangu, nyuma yake ukuta mweupe na dirisha lenye miti nisiyoijua. Nilikuwa nimevizima vifaa tangu asubuhi. Niliviwasha mbele ya kamera, na mtu wa maabara akashika simu ili mhandisi aone taa na skrini vizuri. Cha zamani kikajiponya. Kipya hakikujiponya. Yule mhandisi aliandika, kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: umeme kwetu hukatika kwa muda gani? Nikamwambia mara nyingine dakika kumi, mara nyingine kutwa. Akaeleza kwamba kwenye chumba chao cha majaribio huwa wanazima vifaa na kuviwasha mara mamia kabla ya kutoa toleo, lakini huwa wanaviacha vimezimwa kwa dakika chache tu. Hakuna aliyewahi kuwaza kukiacha kifaa kimezimwa kutwa nzima.

"Umeona kitu ambacho chumba chetu hakiwezi kukiona," akasema. "Asante kwa kutokata tamaa."



Zilipita wiki kadhaa. Mshangano nilikuwa nimewaachia maelekezo ya kuandika tarehe kwa mkono, na muuguzi mkuu alikuwa ameshazoea, anafanya kwa sekunde chache huku akiongea na mtu mwingine. Kisha asubuhi moja kampuni ikachapisha orodha mpya. Niliifungua nikiwa nimesimama. Nikashuka hadi mwisho, kwenye Matatizo Yanayojulikana. Yalikuwa kumi na manne. La kumi na nne lilisema kwamba kifaa kikikosa umeme kwa saa kadhaa kinaweza kushindwa kupata saa sahihi na hivyo kushindwa kufungua njia ya siri. Hadi marekebisho yatoke, weka tarehe kwa mkono. Njia ya kujinasua waliyoitoa ilikuwa yangu, karibu neno kwa neno kama nilivyoiandika.

Niliichapisha nikaenda kwa Sista. Nilisahau hata kumsalimu. Alivaa miwani, akasoma Kiingereza kile taratibu, midomo ikicheza, kisha akarudi mwanzo akasoma tena.

"Hili la kumi na nne ndilo la kwetu?"

"Ndilo, Sista."

"Hawajaandika Songea."

"Huwa hawaandiki mahali, Sista. Huandika tatizo tu."

Akaliwaza hilo. Kisha akachukua kalamu yake, na pembeni ya mstari wa kumi na nne, kwa herufi kubwa, akaandika SONGEA, akanirudishia karatasi. Sikujua nicheke au nilie. Nikamwomba aitie na sahihi, akaitia.

Toleo la marekebisho lilitoka mwezi uliofuata, na tatizo letu likahama: likatoka kwenye yanayojulikana likaingia kwenye yaliyorekebishwa. Tuliliweka hospitalini kwanza, kisha Ruhuwiko, kisha Mshangano. Pale Mshangano nilikizima kifaa kwa makusudi asubuhi, wauguzi wakafanya kazi kwa madaftari bila kunung'unika kwa sababu walijua tunachosubiri. Saa tisa alasiri nikakichomeka. Tulikuwa tumebanana mbele ya kompyuta, muuguzi mkuu, mtu wa maabara aliyekuja na pikipiki ya sampuli kwa kisingizio cha kukagua majokofu, na mimi. Tarehe ikatokea ya zamani. Kisha ikaruka, ikawa ya leo, na majibu yakaanza kuingia. Muuguzi mkuu alipiga vigelegele mpaka wagonjwa wakasimama kuona nani amejifungua.

Siku chache baadaye nilipigiwa simu na fundi wa hospitali moja ya Mbinga, mtu ambaye hatujawahi kuonana. Alikuwa amesikia kwa mtu wa maabara. Alisema wana visanduku viwili kama vyetu vilivyokufa tangu wavisasishe. Walishaviweka stoo na walikuwa wanajiandaa kuomba vingine. Nikamuuliza, kabla havijafa umeme ulikatika? Akasema ulikatika kutwa nzima. Nikamwambia akalete kimoja, akichomeke, aangalie juu ya ukurasa, pembeni kulia, anisomee tarehe.

Nikamsikia akivuta kiti, akibonyeza.

"Dada," akasema, "hiki kinasema niko darasa la tano."

Tukacheka mpaka nikalazimika kutoka nje ya ofisi. Nilimwelekeza hatua kwa hatua, akaandika tarehe, na nilisikia vizuri kabisa alipovuta pumzi na kumwita mtu wa chumba cha pili aje aone. Kile kisanduku cha pili alikifufua mwenyewe, bila kunipigia.

Mhandisi yule siku hizi hunitumia matoleo kabla hayajatoka, ili niyajaribu kwa namna yetu. Meza ya maabara haikutosha tena. Sista ametupa kichumba kilichokuwa cha kuhifadhia magodoro, chenye dirisha linalopata jua la asubuhi. Kina soketi sita, daftari lenye safu mbili, na karatasi moja ukutani yenye sahihi yake. Toleo la mwisho nililojaribu nililikuta na kosa dogo kwenye namna linavyopanga majina ya vituo. Nimeshaliandika. Halimo kwenye orodha bado.